Nyati Mmoja, Bunduki Mbili

Maore, kwa kupitia Same
12 Novemba 1953

Kaka yangu Nathanaeli,

Shikamoo kaka. Anakuamkia mdogo wako Eliwaza, anayeandika kwa kalamu ya mumewe Yusto inayovuja wino, kwa hiyo madoa utakayoyaona mwanzoni usidhani ni machozi. Habari za Tanga? Wifi Priska mguu wake umepona, au bado anachechemea? Na wewe kifua chako, bado kinakubana ukilala karibu na mitambo ya mkonge? Mwambie wifi akuchemshie majani ya mkaratusi, na wewe uyanywe bila kununa.

Huku tu wazima wa kuungaunga. Mvua imenyesha mara mbili tu, vumbi likalala kisha likaamka tena. Mama yuko kule juu Vudee, anakohoa, lakini bado anagombana na kila anayechelewa ibada ya Sabato, kwa hiyo hatujaogopa. Yusto yuko kwenye kazi ya reli na hajaja nyumbani tangu mavuno. Shamba la mpunga nalilinda mwenyewe, na jinsi ninavyolilinda utaisoma hapa chini, usiruke mistari kama ulivyozoea.

Barua yako niliipokea kwa Sefu, yule dereva wa lori la mahindi. Umeandika kwamba umesikia nyati wamerudi Maore, na kwamba mwezi ujao utakuja na bunduki yako utusaidie. Sefu alikuwa ameshatangaza habari hiyo njia nzima kabla barua haijanifikia. Watu wamefurahi, kaka. Wanasema Nathanaeli akija na ile bunduki ya Mzungu, nyati watahama wenyewe wakiisikia harufu yake. Mimi peke yangu sikufurahi, na ndiyo sababu nakujibu haraka.

Mjomba Kaanaeli anakufa. Yuko nyumbani kwangu, chumba cha nyuma, amekwisha kabisa. Ukimgeuza unageuza mifupa. Mganga wa zahanati amemwona akasema tumpe uji na tumwombee. Mjomba mwenyewe ana ombi moja tu: alazwe Vudee, katika migomba ya baba zake. Nilipanda mlima kuwaambia wazee wa ukoo wake. Walinisikiliza vizuri, wakanipa makande nikala, kisha wakakataa. Walisema unaijua desturi. Mtu aliyemwaga damu, na damu hiyo haijafutwa, halazwi migombani. Atazikwa huku chini tambarare, pembeni ya barabara, kama msafiri asiye na kwao. Nililia mbele yao, kaka, mimi ambaye sikulia hata nilipozaa.

Habari ya damu hiyo unaijua. Lakini nitakusimulia kama mtu ambaye hakuwepo, maana ulikuwepo na hukuona.

Ulikuwa umetoka Tanga na bunduki mpya, uliyouziwa na bwana wako wa mkonge alipokuwa anarudi kwao. Kwa bei yake ungeweza kuoa mke wa pili, mama akashukuru Mungu kwamba umenunua chuma. Ilikuwa inang'aa; kitako chake cha mti mwekundu tulijiona nyuso humo. Ulikuwa na karatasi ya ruhusa yenye mhuri, na kofia. Mjomba alikuja na gobori lake la siku zote, lililofungwa kwa kamba ya katani pale lilipopasuka, na watu walicheka. Hata mimi nilicheka. Mjomba naye alicheka, akasema leo ataenda kubeba maji ya karani, yaani wewe.

Mkaingia kwenye matete asubuhi ile kumtafuta nyati. Ng'ambo ya mto, kule ardhi inakoinuka, Chiku binti Mwanaidi alikuwa juu ya dungu anafukuza ndege kwenye mpunga wa mama yake. Alikuwa na kombeo lake na sauti yake ile, hoyaa, hoyaaa, ambayo sote tulizoea kuisikia mpaka hatuisikii tena. Tukasikia mlio. Ulikuwa kama mlio mmoja wenye mkia. Nyati akaanguka, watu wakapiga vigelegele. Ng'ambo sauti ya Chiku ikawa imekatika, na hakuna aliyegundua mpaka Mwanaidi alipopiga ukunga.

Watu walipovuka mto na kurudi na habari, mjomba alisema mbele ya kila mtu kwamba ni gobori lake. Hakuulizwa, alisema mwenyewe. Na nani angembishia? Bunduki ya thamani ile ingewezaje kukosa nyati mkubwa kama nyumba? Na gobori la kufungwa kwa katani lingewezaje kumpata? Kila mtu aligawa mambo kwa kutazama vyombo: nyati akapewa wewe, Chiku akapewa mjomba. Chiku alizikwa jioni ileile kwa taratibu za kwao. Mjomba akapelekwa Same, akahukumiwa, akafungwa, gobori likachukuliwa. Wewe ukarudi Tanga na pembe. Nasikia umezitundika sebuleni na wageni wanakuita Baba Nyati.

Kaka, sikukasirikia jina hilo wakati ule. Nilijivuna nalo.

Sasa nikuambie ya Mwanaidi. Mumewe Salimu alifariki mwaka uliofuata na shamba lile la ng'ambo halilimwi tena. Limekuwa magugu mpaka kiunoni. Lakini kila msimu wa mpunga Mwanaidi huenda pale na panga, hukata miti mipya, hulitengeneza dungu, hufunga kamba, hutandika majani juu, kisha hurudi nyumbani. Hakuna anayepanda. Liko tupu, zima, linatazamana na shamba langu. Na mimi si mtu wa mizimu, unanijua; nilibatizwa mtoni mbele ya macho yako na nilimeza maji. Lakini jua likisimama utosini, ndege wakitua, naisikia. Hoyaa. Mara moja tu, tena si kwa nguvu. Ndege wangu wote huruka. Mwanzo nilidhani ni watoto wa jirani, nikavuka kwenda kuwachapa. Sikumkuta mtu. Nimeacha kuvuka. Siku hizi ikija nafunika uso kwa kanga nangoja ipite.

Mjomba alipotoka gerezani hakwenda Vudee, alijua hawezi kupokewa. Alikuja kwangu. Siku ya kwanza tu alichukua kondoo akaenda kwa Mwanaidi kufuta damu, maana desturi ni hiyo: aliyemwaga damu na mama wa marehemu wale nyama ya kondoo mmoja katika sinia moja, basi yamekwisha. Mwanaidi alimkaribisha, akamwekea kigoda, akamwuliza hali, kisha akamrudishia kondoo wake. Alimwambia kondoo wa mtu mwingine yeye hali. Mjomba alirudi tena msimu uliofuata, akajibiwa vilevile. Watu wakasema uchungu umemharibu akili mama wa watu. Nami nilisema hivyohivyo kisimani, kwa mdomo wangu huu.

Basi nguruwe walipoanza kunimalizia mihogo na Yusto hayupo, nilimwomba mjomba anilindie kwa gobori la Yusto, lile lenye ruhusa ya serikali. Alikataa. Alisema mikono yake haitagusa bunduki tena, ila mdomo wake haujafungwa. Kama nina moyo, atanifundisha. Nilicheka nikamwambia wanawake watasema nimeota ndevu. Akasema ndevu hazili mihogo.

Alinifundisha mikono yake ameifunga nyuma, kaka, kama mfungwa. Msimu mzima hakuniruhusu kutia baruti. Nilidhani ananitania. Nilibeba gobori tupu nikakaa nalo mpaka bega likazoea uzito, nikatembea nalo kwenye majani makavu mpaka mbuzi wakaacha kugeuka. Alinifunza kuachia majivu kidogo kutoka kwenye kitambaa nione upepo unakwenda wapi. Alinifunza kwamba mnyama akikutazama usimpige, ungoje ageuze ubavu, na kama hageuzi basi urudi nyumbani ukale mboga. Kidole nisikivute kama ninayechomoa mwiba. Nikikaze polepole kama ninavyokamua jipu la mtoto aliyelala. Na tulipofika kwenye baruti, siku nyingine aliniambia nishindilie kila kitu lakini nisiweke fataki ya kuiwasha baruti, halafu akanitazama usoni ninapovuta. Sikuuona moto wowote, lakini macho nilifumba. Akaniambia naogopa kelele yangu mwenyewe, na mtu wa namna hiyo hata apewe mzinga wa manowari atapiga mawingu. Nilinuna siku nzima. Lakini siku nilipoacha kufumba macho nilijua, na yeye alijua, akaenda kuninunulia chumvi ya kukaushia nyama kabla sijaua chochote.

Nguruwe wa kwanza alianguka pale aliposimama. Wa pili vilevile. Wanawake walionicheka sasa wananiita nikalale kwenye mihogo yao. Nakuambia haya si kwa majivuno, ingawa majivuno kidogo yapo. Nakuambia ujue kwamba yule mzee alikuwa fundi, na kwamba gobori kama lile tulilolicheka, mikononi mwa mtu aliyefundishwa, halipotezi baruti.

Siku moja kabla hajaugua tulikuwa ukingoni mwa mto. Nguruwe alitokea ng'ambo, karibu na lile dungu tupu, akasimama ubavu wazi kabisa kama anayenisubiri. Nikapiga. Risasi ikaanguka majini, hata ng'ambo haikufika, tukaona maji yakiruka. Mjomba alikasirika kama mwalimu. Alinikemea kwamba nimesahau kila kitu, kwamba gobori halivuki mto huu, halijawahi kuvuka, baruti yake haina pumzi hiyo, hata mtoto wa mwindaji anajua.

Kisha akalitazama dungu. Tulitazamana. Aliinuka, akashika fimbo yake, akaenda nyumbani bila kugeuka. Mimi nilibaki pale, maana dungu lilikuwa mbele yangu, ng'ambo ya maji, na mbali kuliko alipokuwa nguruwe.

Sikumwuliza. Niliogopa jibu. Nilipopanda Vudee kwa ajili ya wazee, nililala kwa mama, na asubuhi nikamkuta anapura maharage juu ya ile ngozi ya nyati. Tangu siku ile ipo, wewe ulichukua pembe yeye akachukua ngozi. Nilimwomba asimame kidogo, nikaigeuza. Ina tundu moja, kaka. Moja tu, nyuma ya bega. Nilitia kidole gumba changu kikapita chote. Wewe umeziona risasi zako, ni nyembamba kama penseli. Mama aliniuliza kwa nini nimekaa chini kwenye vumbi na nguo ya ibada. Nilimwambia kizunguzungu.

Niliporudi nilimkuta mjomba ameshalala ule ulalo wa kutoinuka, na homa inampanda na kushuka. Ikiwa chini nilimwambia nimeiona ngozi. Akanieleza, na mimi nakueleza wewe kama alivyosema.

Bunduki yako ina kibao kidogo juu, nyuma, kinacholala na kusimama. Kikilala unapiga karibu. Kikisimama unapiga mbali, mbali sana, kwa sababu kinaufanya mdomo wa bunduki uinuke bila wewe kujua. Bwana wako, kama ulivyomsimulia mwenyewe, alikisimamisha siku alipokuonyesha anavyopiga mnyama wa upande wa pili wa bonde, na wewe ukadhani ndivyo kinavyokaa. Nyati alikuwa karibu yenu kiasi cha kusikia anavyotafuna. Mjomba alikuwa amekunong'oneza ungoje ageuze ubavu. Hukungoja. Risasi yako ilipita juu ya mgongo wa nyati na kuvuka mto, na kule ng'ambo ardhi inainuka na dungu liko juu yake. Nyati aligeuka kwa mshtuko, akatoa ubavu, na hapo mjomba akampiga. Ukunga uliposikika wewe ulikuwa unacheka bado, umemkumbatia. Yeye aliona kibao kimesimama. Akakilaza kwa kidole chake, kabla watu hawajafika.

Nilimwuliza kwa nini. Nilipiga kelele, Mungu anisamehe, mbele ya mgonjwa. Nilimwuliza kwa nini afungwe yeye na kwa nini akose migomba ya baba zake kwa ajili ya mtu ambaye hata barua hajamwandikia. Alisema alikiona kibao tangu asubuhi, kabla hamjaingia kwenye matete. Wakati ule hakukijua vizuri kinafanya nini, lakini alijua kwamba wewe hukijui. Alitaka kukuambia ukae naye siku chache kwanza, mpige shabaha pamoja, akufundishe hata bunduki yako mwenyewe. Lakini wewe ulikuwa karani, una karatasi yenye mhuri na chombo cha bei ile, na yeye amefungia chake kwa kamba. Aliona haya. Alisema mwalimu anayemwogopa mwanafunzi ndiye mwenye damu. Kisha akaniapisha kwa Biblia nisikuambie kamwe, kwa sababu una watoto na una jina.

Nimevunja kiapo hicho. Mungu na mimi tutaongea.

Nilikwenda kwa Mwanaidi. Sikujua nitasema nini, nikakaa tu mlangoni. Yeye ndiye aliyeanza. Aliniuliza kama mjomba amekubali sasa kusema kweli. Siku ile, Nathanaeli, Mwanaidi alikuwa chini ya dungu, amemletea mtoto wake maji. Chiku alimwangukia miguuni. Mwanaidi akainua macho kutazama ni shetani gani, ndipo akauona moshi wa gobori ukifuka kutoka kwenye matete, ng'ambo. Moshi ulikuja baadaye, kaka. Mtoto alikuwa ameshaanguka. Na gobori ndilo lenye moshi mzito, bunduki yako haina. Amejua siku zote hizi. Hakuna aliyemwuliza, kwa sababu mjomba alikuwa ameshasema, na mwanamke anayelia nani humwuliza moshi? Anasema hana kisasi na hataki kwenda kwa hakimu. Anataka mtu mmoja tu avuke mto, aketi mbele yake, ataje jina la binti yake, wale. Ndiyo sababu analitengeneza lile dungu. Anasema mwenye deni akija asipotee njia.

Wazee nao nilipanda tena nikawauliza kwa kuzunguka, bila kutaja jina. Walisema damu haiungamwi kwa niaba. Mimi siwezi kukusemea, mjomba alijaribu na unaona ilipomfikisha. Ni kinywa chako. Ukija ukasema, mjomba atapandishwa Vudee na watu wataimba. Usipokuja, nitachimba mimi na Sefu hapa kando ya barabara, na malori yatamwagia vumbi.

Najua unachopoteza. Nakupenda, na madoa haya ya mwisho si ya kalamu. Bunduki iache huko. Nyati nitawashughulikia mimi. Panda gari moshi la kwanza, shuka Same, mtafute Sefu sokoni.

Ila fanya haraka, maana homa sasa haishuki. Leo tangu asubuhi mjomba hanijui. Anadhani mimi ni wewe. Ananishika mkono, mkono ule wa kidole cha kufyatulia bunduki, na ananiambia polepole, bila kukasirika, kana kwamba mna siku nzima mbele yenu: Nathanaeli, laza kibao kwanza. Usione haya, mwanangu, hata mimi nilifundishwa. Laza kibao. Sasa ngoja ageuke.

Mbusu wifi Priska na watoto mmoja mmoja, na uwaambie shangazi yao amewakumbuka wote kwa majina. Mama hajui kitu bado, kwa hiyo salamu zake ni zile za kawaida: usali, ule, uvae fulana. Mwanaidi anasema nikuandikie kwamba anakuuliza, hujambo? Za mjomba sikuandikii, maana yeye hakusalimu, anakufundisha.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja,
Eliwaza